Ngao Ikiuliza, Jibu

Kama wiki iliyopita hukunisoma, usihangaike kulitafuta gazeti lile. Aibu yangu si ndefu, nitakusimulia tena upesi.

Mimi ni mchapaji wa mitihani. Nimechapa mitihani ya taifa kwa miaka kumi na tisa, ndani ya chumba chenye mlango wa chuma, na wenzangu wananiita Vidole kwa sababu ya kasi ya mikono yangu. Mwaka huu mtihani wa hesabu ulivuja. Siku mbili kabla haujafanywa ulikuwa umeshajaa kwenye simu za watu, hata muuza magazeti wa mtaani kwetu alikuwa nao. Ukafutwa. Watoto watafanya mtihani mwingine kuanzia Jumatatu ijayo.

Lawama zote zimeniangukia mimi kwa sababu ya tangi la maji.

Ngoja nieleze. Chumbani tuko wachapaji watatu, na kila mtihani tunauchapa sote watatu, kisha nakala zinalinganishwa ili makosa yaonekane. Lakini mkuu wetu ana mtego wake. Kila mchapaji humpa tarakimu moja tofauti na ya wenzake. Safari hii mtego ulikuwa swali la tisa, swali la tangi. Mwenzangu wa kushoto alipewa tangi la lita 640, wa kulia 660, mimi 650. Mtihani ukivuja, unaangalia tangi tu, unajua umetoka kwenye mashine ya nani.

Uliovuja ulikuwa na lita 650.

Wiki iliyopita niliishia pale mkuu, ambaye tunamwita Kufuli ingawa si mbele yake, alipokivua kitambulisho changu shingoni na kuniambia nirudi Alhamisi mbele ya kamati. Alhamisi ikafika. Siku za balaa hazichelewi.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Kufuli mwenyewe, mwanasheria wa ofisi, ambaye ni mama anayetafuna kalamu kama mwanafunzi, na kijana mtanashati wa kampuni ya Ngao aliyevaa tai ya buluu. Jina lake alilitaja, nikalisahau papo hapo. Mimi nilimwita Mwenye Tai.

Ngao ni ile programu inayolinda kompyuta zetu. Kompyuta za chumba cha mitihani hazina intaneti, kebo zote zilikatwa zamani. Ikaachwa moja tu, kwa ajili ya Ngao, ili iwasiliane na kampuni yake na kujisasisha. Sisi wengine wote tulinyimwa mlango, mlinzi akaachiwa wake.

Na Kufuli aliiamini Ngao kuliko alivyotuamini sisi. Ukutani, juu ya printa, alibandika karatasi kwa mwandiko wake mwenyewe: NGAO IKIULIZA, JIBU. Maana mwaka wa kwanza tulikuwa tunaogopa vile vidirisha vyake, tunavifunga bila kuvisoma, akachoka kutukaripia.

"Ripoti yetu iko wazi," alisema Mwenye Tai. "Ngao ilikuwa macho muda wote. Hakuna aliyeingia kutoka nje. Kwa hiyo aliyeutoa mtihani ni mtu wa ndani."

"Ripoti imeandikwa na nani?" niliuliza.

"Na kampuni."

"Kampuni ipi?"

"Yetu."

"Kwa hiyo mmejichunguza wenyewe, mkajikuta hamna kosa."

Mwanasheria alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Kesi ya nyani hakimu ngedere, nilitaka kuongeza, lakini Kufuli alishapiga meza.

"Vidole! Hawa ni wataalamu. Wewe ni mchapaji. Jibu unachoulizwa."

Sijui ni ule mkono mezani au ni ile hasira, lakini ndipo nilipokumbuka. Nilikumbuka kidirisha.

"Ngao iliniomba neno la siri," nikasema.

Mwanasheria akaacha kutafuna kalamu.

"Siku nilipomaliza kuchapa," nikaendelea, "nililifunga faili kwa neno la siri, kama kanuni inavyotaka. Neno hilo nalijua mimi peke yangu hadi siku ya kukabidhi. Ngao ikaleta kidirisha. Ikasema faili limefungwa, haiwezi kulikagua, niweke neno la siri ili ilikague. Nikaweka. Ikauliza kama ilikague kwa kina. Nikabonyeza Kubali."

"Ulimpa mtu neno la siri la mtihani wa taifa?" mwanasheria aliuliza.

"Sikumpa mtu. Niliipa Ngao. Karatasi ya ukutani inasema ikiuliza tujibu."

Kufuli aliangalia mikono yake. Mwenye Tai hakushtuka hata kidogo. Aliifungua kalamu yake taratibu, akauliza kwa sauti ya mtu anayemhudumia mteja:

"Samahani, mama. Ngao haiombi neno la siri hivi hivi. Lazima iwe imeona hatari kwanza. Kuna kitu ulikichomeka kwenye mashine?"

Msomaji wangu, hapa ndipo ilipobidi niseme kweli. Nami nilisema:

"Hapana."

"Hukuchomeka chochote?"

"Sikuchomeka chochote."

Akaifunga kalamu. "Basi haikuomba."

Sasa nikuambie wewe kile ambacho sikuwaambia wao.

Dada yangu mkubwa ana binti mmoja. Tunaishi nyumba moja, na yule mtoto nimemlea pamoja na mama yake tangu alipokuwa anatambaa. Tunamwita Profesa, kwa sababu akianza kusoma hata ukimwaga maji miguuni kwake hatikisiki. Mwaka huu ni mtahiniwa.

Ofisini kuna fomu tunayojaza kila mwaka: una mtoto anayefanya mtihani? Niliandika sina. Mbele ya fomu ni mtoto wa dada. Nyumbani ni mwanangu, na kila aliye na dada anajua kwamba hapo nilidanganya.

Lakini hilo ni dogo. Wiki ile niliyokuwa nachapa hesabu, Profesa alihitaji picha ya kubandika kwenye kadi yake ya mtahiniwa. Picha ilikuwa kwenye flashi. Maduka ya kuchapisha yalikuwa na foleni ya wanafunzi mpaka barabarani, na mimi nina printa ya rangi kazini. Nikamwambia lete, mama yako mdogo yupo. Nikaipitisha flashi getini ndani ya soksi. Nilijiona mjanja sana.

Nilipoichomeka tu, kioo kikawa chekundu. Ngao ililia kama mtoto aliyeumwa na siafu. Nikachapa ile picha moja, nikaichomoa flashi, jasho likinitoka. Tangu dakika ile kila Ngao ilichouliza nilijibu, nilichotakiwa kukubali nilikubali. Ungeniuliza hata namba ya kiatu ningekupa.

Sasa tatizo. Shule yao iliwaagiza kila mmoja aipe flashi yake namba yake ya mtahiniwa, ili zisichanganyike. Mashine yangu, kama ina kumbukumbu yoyote, inaikumbuka namba ile. Na kanuni ya ofisi haina mjadala: mtahiniwa ambaye kifaa chake kimeingia chumba cha mitihani anafutwa, na hakai tena kwenye dawati la mtihani kwa miaka mitatu.

Ndiyo maana nilisema hapana.

Kamati ilinipa mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Nisipokuwa na maelezo ya maana, jalada langu linakwenda polisi.

Nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Miwani. Huyu ni fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi, na miwani yake ina mguu mmoja wa waya. Alinifundisha kompyuta enzi tulipokuwa tunatoka kwenye taipureta. Sina mwalimu mwingine.

Nilimweleza kila kitu, flashi na soksi vikiwemo. Hakunicheka. Alifungua mashine yake, akatafuta masharti ya Ngao, yale maandishi marefu ambayo hujawahi kuyasoma na mimi sijawahi kuyasoma.

"Kurasa arobaini na sita," alisema. "Mliyakubali?"

"Tulibonyeza Kubali."

"Nani aliyasoma?"

"Nani ana muda?"

Akashuka na kidole mpaka ukurasa wa thelathini. "Sikiliza. 'Faili lenye mashaka linaweza kutumwa makao makuu kwa ukaguzi zaidi. Linaweza pia kuonyeshwa kwa washirika wetu.'"

"Washirika gani?"

"Hawakuandika."

"Kwa hiyo mtihani wangu ulikwenda kwao."

"Huenda. Ulilifunga faili, nalo faili lililofungwa huwa na mashaka, kwa sababu huoni ndani. Halafu ulikuwa umechomeka flashi dakika chache kabla. Ukawapa na ufunguo."

"Kwa hiyo wao ndio wezi!"

Miwani alivua miwani. Alikuwa na alama mbili nyekundu puani.

"Sijasema wameiba, Vidole. Makampuni haya mengi yanafanya kazi ya watu, bila hayo tungekwisha zamani. Ninachosema ni kwamba wana ufunguo wa kila nyumba, na siku nyumba ikiibiwa, wao ndio wanaokuja kupima nyayo. Ukiniuliza ni waaminifu, nitakuambia sijui. Na hakuna mtu nje ya kampuni yao anayejua. Hicho ndicho kinachonitisha."

Alipiga namba ya huduma kwa wateja, akaiweka simu mezani tusikie wote. Muziki ulipigwa robo saa. Kisha msichana mwenye sauti ya asali akapokea.

"Asante kwa kuichagua Ngao. Tunajali usalama wako. Nikusaidie nini?"

"Mwanangu," nikasema, "nataka kujua kama faili langu lilitumwa kwenu."

"Naomba namba yako ya leseni."

"Sina, mimi ni mtumishi tu. Leseni ni ya ofisi."

"Pole sana. Kumbukumbu za matukio tunampa mwenye leseni peke yake. Ni kwa ajili ya kulinda faragha yako."

"Faragha yangu mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Lakini mimi ndiye ninayeomba!"

"Naelewa hisia zako, mama."

Miwani alininyamazisha kwa mkono. "Dada, hizo kumbukumbu mnaziweka muda gani?"

"Siku tisini. Baada ya hapo hufutwa zenyewe. Je, unaweza kutupa alama, moja hadi tano, kwa huduma ya leo?"

Tulihesabu kwenye kalenda yake ya ukutani, yenye picha ya betri za gari. Tulihesabu mara mbili. Siku ya tisini ilikuwa Jumamosi. Ofisi inafungwa Ijumaa.

"Mwenye leseni ni nani?" Miwani aliuliza.

"Kufuli."

"Basi kamwambie Kufuli aombe kumbukumbu."

"Nikimwambia aombe, zitakuja na namba ya flashi."

Miwani akachukua redio ya mteja, akaanza kuifungua skrubu.

Nilifika nyumbani jua lingali juu. Dada alikuwa anapiga pasi sare za shule. Profesa alikuwa chini, vitabu vimemzunguka, kalamu mdomoni. Nilitaka kungoja mpaka atoke nje, lakini mimi nikiwa na jambo uso wangu haunifichi.

"Mama mdogo, wamesemaje?"

Niliwaambia wote wawili. Flashi, namba, siku tisini, Ijumaa. Dada aliiacha pasi juu ya kola mpaka ikatoa harufu.

"Kwa hiyo unachagua," alisema. "Wewe au mtoto."

"Dada, mimi naweza kufungwa."

"Nimesikia. Wewe una kazi ya kupoteza. Huyu hajaanza hata kuishi."

"Si lazima nifungwe ili umpende mwanao!"

"Nani alimwambia alete flashi? Nani alisema mama yako mdogo yupo? Miaka yote unatupitia mbele na ujanja wako, tunakula hasara sisi."

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu alisema mbele ya mtoto. Profesa alisimama katikati yetu. Ni mfupi, lakini siku hiyo alionekana mrefu kuliko sisi wote.

"Mama mdogo," alisema, "nisikilize. Mtihani ni Jumatatu na Jumanne. Nikishaufanya, hata wakinifuta watakuwa wamefuta kitu nilichokifanya, ninaweza kukata rufaa, mwalimu ametuambia. Lakini wakinifuta kabla, sina hata cha kudai. Ngoja mpaka Jumanne jioni. Baada ya hapo sema kila kitu, na mimi nitakuja nawe kusema kwamba flashi ni yangu."

"Jumanne kumbukumbu zitakuwa zimefutwa."

"Basi tutatafuta njia nyingine. Tafadhali. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa."

Na kweli hajawahi. Viatu vyake vimetoboka tangu muhula uliopita na hajasema.

Nikamwahidi. Nilimshika mikono yote miwili nikasema, mwanangu, mdomo wangu umefungwa mpaka Jumanne. Dada alilia, Profesa akarudi kwenye vitabu vyake, nami nikala kwa mara ya kwanza siku ile.

Ijumaa asubuhi Profesa alikwenda shule kwa masomo ya marudio. Aliniaga kwa furaha kabisa.

Saa nne mwanasheria alinipigia simu.

"Sipaswi kukuambia hili," alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma. "Hati ya kukukamata imeshaandikwa. Wanangoja saa kumi tu. Kama una kitu, chochote, kilete sasa."

Nilikaa kitandani. Ningeweza kukuandikia hapa kwamba niliwafikiria watahiniwa wa taifa zima, au haki, au kwamba mwizi wa kweli asiachwe huru. Ningejisafisha. Lakini nimeamua tangu sehemu ya kwanza ya hadithi hii kwamba sitakudanganya wewe. Niliogopa jela. Niliiona sakafu yake. Niliwaona majirani wakinong'ona. Nikajiambia kwamba kumbukumbu zikija zikaonyesha faili limetumwa kwa kampuni, kila mtu atajua mimi sina hatia, na Kufuli akishajua sina hatia hatamwadhibu mtoto kwa sababu ya picha moja. Nilijiambia hivyo njia nzima. Mfa maji haachi kutapatapa.

Kufuli alikuwa peke yake ofisini kwake. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Nilitegemea apige meza. Hakupiga.

"Soksi?" aliuliza.

"Soksi."

Kisha akainuka, akapita mbele yangu, akafungua ule mlango wa chuma. Nilimwona kwa nyuma akisimama mbele ya printa, akiitazama karatasi yake ya ukutani.

"Mwandiko huu ni wangu," alisema aliporudi. "Kama Ngao ndiyo iliyoutoa mtihani, basi mimi ndiye niliyewaamuru muipe. Unajua hilo?"

"Najua, mkuu."

"Na bado nitaomba kumbukumbu."

Msomaji, nilitaka kumbusu mkono. Kwa miaka kumi na tisa nilimwona yule mzee kama mlango, kumbe ni mtu. Aliandika ombi, akaligonga muhuri, akalituma mbele ya macho yangu. Saa sita kasoro dakika chache. Kulikuwa na muda tele.

Watu wa Ngao hawakuchukua hata saa moja. Mwenye Tai alizileta kumbukumbu mwenyewe, zimechapwa vizuri, ndani ya jalada lenye nembo ya Ngao. Mwanasheria naye aliitwa. Tulikaa vilevile kama Alhamisi, ila safari hii mimi nilikuwa nimekaa upande wa Kufuli, na nilikuwa karibu kutabasamu.

"Someni," alisema Mwenye Tai.

Kufuli alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Tukio la kumi na moja. Kifaa cha nje kimechomekwa. Jina la kifaa..." Akasoma tarakimu za namba ya Profesa, moja baada ya nyingine. "Tukio la kumi na mbili. Tahadhari nyekundu. Tukio la kumi na tatu. Faili lililofungwa limeonekana."

Sasa hivi, nikajisemea. Mstari unaofuata.

"Mtumiaji amezima mashine."

"Endelea," nikasema.

"Hakuna zaidi. Ndio mwisho wa siku hiyo."

"Neno la siri je? Kutumwa kwa faili je?"

"Hakuna faili lililotumwa," alisema Mwenye Tai kwa upole. "Wala hakuna neno la siri lililoombwa. Nilisema tangu jana."

Nilimnyang'anya Kufuli karatasi. Sijawahi kumnyang'anya mkubwa kitu maishani. Nikaangalia pembeni mwa mistari, zilipo nambari. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na tano.

"Ya kumi na nne iko wapi?"

"Samahani?"

"Kumi na tatu, kisha kumi na tano! Hapa! Kumi na nne iko wapi?"

Mwanasheria alijiinamisha, akaangalia, akaitoa kalamu mdomoni. Mwenye Tai aliangalia pia, bila haraka.

"Mfumo huruka nambari wakati mwingine. Ni kawaida."

"Kawaida? Kurasa zote nane haijaruka hata moja!"

"Ni kawaida, mama."

Nilimgeukia Kufuli. Yeye ndiye aliyekuwa amebaki. Aliitazama ile karatasi muda mrefu, uso umemshuka, na nilijua ameliona pengo kama nilivyoliona mimi.

"Anasema ni kawaida," alisema.

"Na wewe, mkuu? Wewe unasemaje?"

"Mimi sijui kompyuta, Vidole."

"Tuite mtu mwingine aangalie!"

"Tumwite nani? Mashine zao, kumbukumbu zao. Mtu mwingine ataangalia nini, kama si hiki hiki walichotupa?"

Hakusema kwa ukali. Ningefurahi kama angekuwa mkali. Mwenye Tai alianza kukusanya karatasi zake, akazipanga kingo zikae sawa, akazirudisha ndani ya jalada. Nilitaka kumkamata mkono. Sikufanya hivyo. Nilikaa tu, mikono juu ya magoti, nikimtazama akibana kifungo cha jalada.

Mwanasheria ndiye aliyesema, na alisema akiangalia meza.

"Hii namba ya kifaa ni namba ya mtahiniwa. Mkuu, kanuni iko wazi. Lazima shule iarifiwe leo, kabla ya Jumatatu."

"Ni picha tu," nikasema. "Alihitaji picha ya kadi. Mkuu, nimekuambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, hukunilazimisha!"

"Najua."

"Hajui lolote kuhusu mtihani. Amekesha kusoma. Adhabu nipeni mimi, nipelekeni polisi sasa hivi, niko tayari."

"Polisi utakwenda," Kufuli alisema kwa sauti ndogo. "Hilo halijabadilika."

Alivuta simu ya mezani. Namba za shule zote ziko pale kwenye daftari lake la jalada jeusi. Nilimsikia akimsalimu mwalimu mkuu, akitaja namba ya mtahiniwa, akisema kuna jambo la kiofisi. Halafu akasikiliza kidogo, akafunika simu kwa kiganja.

"Mwalimu anasema hawezi kumwondoa mtoto kwenye mtihani bila kumweleza sababu. Amemwita aje ofisini kwake." Akanisukumia simu. Macho yake yalikuwa na maji, nakuapia. "Ni wako. Mwambie mwenyewe."

Nikaipokea. Upande wa pili nilisikia kiti kikivutwa, mlango ukifunguliwa, kisha viatu vikija mbio, viatu vilivyotoboka ninavyovijua kwa mlio.

"Haloo?" Alikuwa anahema, na alikuwa anacheka. "Mama mdogo, ni wewe? Mwalimu amesema simu inatoka ofisi ya mitihani! Wamekurudisha kazini?"